Mtoto Njiti Akisharuhusiwa

Watu wakisikia mtoto amezaliwa njiti, yaani kabla ya wakati wake, huuliza swali moja: amepona? Wakiambiwa ameruhusiwa na yuko nyumbani, hushusha pumzi, humshukuru Mungu, na mazungumzo huishia hapo. Mimi ni mama wa njiti, tena ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Naandika kuhusu yanayoanza siku ile ya kuruhusiwa, kwa sababu hayo ndiyo huamua mtoto ataonaje, atasikiaje, atatembeaje na atajifunzaje, na hatuyasemi vya kutosha.

Binti yangu alizaliwa mwishoni mwa Novemba, ujauzito ukiwa wa wiki 30, akiwa na gramu 1,250. Tulikuwa tunamtarajia Februari. Presha yangu ilipanda, miguu na uso vikavimba, na madaktari wakaona kuendelea kusubiri ni kutuhatarisha wote wawili. Kabla ya upasuaji nilichomwa sindano za deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Baadaye nilisoma zilikotoka. Mwaka 1969 daktari wa New Zealand, Graham Liggins, aliyekuwa akichunguza kondoo, aligundua kwamba wanakondoo waliopewa dawa ya jamii hiyo kabla ya kuzaliwa waliweza kupumua ingawa walizaliwa kabla ya wakati. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakachapisha matokeo ya jaribio kwa akina mama wajawazito. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka 20 dawa hiyo kuwa ya kawaida katika hospitali za dunia. Ninapowaza ni watoto wangapi walipotea katika miaka hiyo, moyo huniuma.

Nianze na uzito, maana ndio kila mtu anaoutaja. Mtoto aliyezaliwa na chini ya gramu 2,500 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Chini ya 1,500 ni mdogo sana. Chini ya 1,000 ni mdogo kupita kiasi. Lakini kilo hazisemi yote. Chukua watoto wawili wa gramu 1,800. Mmoja amezaliwa wiki ya 32, ni mdogo kwa sababu muda wake haujafika. Mwingine amefikisha wiki 39 ila kondo la nyuma halikumlisha ipasavyo, labda kwa sababu ya presha, malaria au lishe duni ya mama. Mizani inawaona sawa, lakini mapafu yao, ubongo wao na hatari zinazowakabili ni tofauti kabisa. Ndiyo maana mama wa njiti anapaswa kukariri namba mbili, uzito na wiki, na aziseme zote mbili kila anapokwenda kliniki.

Halafu kuna lile ninalolisikia bado mitaani, Pasua hadi Kiboriloni: mtoto wa miezi saba huishi, wa miezi minane hafiki mbali. Si kweli. Kila wiki anayoongeza tumboni, ikiwa mimba iko salama, inamwongezea nafasi ya kuishi na kukua vizuri. Nimeshuhudia mama aliyejifungua wa miezi minane akikatishwa tamaa na ndugu zake wenyewe kwa maneno hayo, wakati mtoto wake alikuwa na hali nzuri kuliko wa kwangu.

Ubongo wa mtoto wa wiki 30 bado uko katikati ya ujenzi. Mikunjo yake mingi haijatokea. Karibu na vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo kuna mishipa ya damu laini mno, ambayo ikitikiswa na mabadiliko ya presha, kukosa hewa au maambukizi inaweza kupasuka, hasa katika siku tatu za mwanzo. Nyuzi zinazopeleka amri miguuni zinapita pembeni kabisa ya vyumba hivyo. Sehemu hiyo ikiumia, miguu ndiyo huathirika kwanza na kukaza, mikono ikasalimika au ikaathirika kidogo. Nilipoelezwa hivyo nilielewa kwa nini daktari alipitisha kipimo cha picha kwenye utosi wa mwanangu: pale mfupa haujafunga, kwa hiyo mawimbi ya sauti yanapita na ubongo unaonekana bila kumsumbua mtoto.

Yale tunayoyaona wodini kama kazi ya kuokoa uhai, kwa kweli mengi ni kazi ya kuulinda ubongo. Mtoto asipoe chini ya nyuzi 36.5. Sukari isishuke. Manjano yashughulikiwe mapema, kwa sababu njiti hudhurika kwa kiwango ambacho mtoto aliyetimiza miezi angekivumilia. Asiachwe akasahau kupumua. Njiti husahau kweli, anatulia tu, rangi inageuka, nesi anamgusa unyayo na anaanza tena. Kwa hilo hupewa aminofilini, au kafeini pale inapopatikana. Kafeini nayo ina habari nzuri: jaribio kubwa la kimataifa lilionyesha mwaka 2007 kwamba watoto wadogo waliopewa dawa hiyo walipata mtindio wa ubongo, ule ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo kuumia, kwa uchache zaidi, asilimia 4.4 dhidi ya 7.3 ya wenzao. Dawa ya kupumulia, faida yake ikaonekana kwenye miguu mwaka mmoja na nusu baadaye.

Kuhusu maziwa nitasema zaidi kidogo, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya mwenyewe. Unakamua kwa mkono ndani ya kikombe kidogo chenye plasta iliyoandikwa jina lako. Mwanzoni yanatoka matone mazito ya njano, unadhani si kitu. Nesi anayafyonza kwa bomba la sindano, anatoa kisukumio, anaunganisha bomba na mpira mwembamba unaoingia puani mwa mtoto, kisha anaunyanyua juu. Maziwa yanashuka yenyewe, polepole. Mililita tatu. Ukisukuma kwa haraka, mtoto anatapika, anaweza kupaliwa. Wote mle ndani tulikuwa tumesimama tumenyanyua mikono, kila mtu macho kwenye bomba lake, na hakuna aliyesema neno hadi yaishe. Baada ya saa mbili, tena. Usiku na mchana.

Kisha kangaruu. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi, kofia na soksi, anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura, halafu unafungwa kitenge. Mbinu hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey alipokuwa na vichanga wengi kuliko inkubeta. Wengine waliidharau wakiita tiba ya maskini. Watoto waliolelewa hivyo Bogotá walifuatiliwa hadi miaka 20, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba ukubwani walikuwa na utulivu zaidi, ukali mdogo zaidi na utoro mdogo zaidi shuleni kuliko wenzao waliolelewa kwa inkubeta. Na mwaka 2021 jaribio la Shirika la Afya Duniani lililofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, lilionyesha kwamba kumweka mtoto kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja atulie kwanza, kunapunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata mwongozo wa dunia ukabadilika: kangaruu ianze mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku. Mume wangu naye alifungwa kitenge. Alikuja akitoka kazini, akaoga, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na mapigo ya mtoto kwenye ile mashine yalitulia kwake kama yalivyotulia kwangu.

Tuliruhusiwa akiwa na kilo 1.8. Wodi nzima ilipiga vigelegele.

Nyumbani Kibosho mama mkwe alikuwa ameshatayarisha chumba, mtori, na moto usiozimika. Alinitunza kama desturi yetu ya kumtunza mzazi inavyotaka, na kwa hilo sitamsahau. Ila kila wiki alimlinganisha mjukuu na mtoto wa jirani aliyezaliwa Novemba hiyohiyo. "Mwanangu, mwenzake anashika shingo, huyu vipi?" Nilimweleza hivi: "Mama, huyu tumhesabie kuanzia Februari." Ndivyo wataalamu wanavyofanya. Unachukua umri wa kuzaliwa, unaondoa wiki alizowahi. Wa kwangu aliwahi wiki 10, kwa hiyo akitimiza miezi minane, tunatarajia mambo ya mtoto wa miezi mitano na nusu. Tunafanya hivyo hadi atimize miaka miwili. Chanjo tu ndizo hufuata tarehe ya kuzaliwa. Bibi alielewa upesi sana, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwaelekeza wageni.

Hesabu hiyo, hata hivyo, isitumike kumficha mtoto. Hapa ndipo lilipo jambo langu kuu. Akiwa na miezi mitano, baada ya kuondoa zile wiki, niligundua kwamba kumbadilisha nepi kumekuwa kazi. Mapaja yalikuwa yanakataa kufunguka. Nikimsimamisha mapajani, anasimamia vidole na miguu inapishana kama mkasi. Nikamweleza muuguzi wa kliniki moja tuliyokuwa tukipeleka kadi. Akamweka kwenye mizani, akachora nukta, mstari unapanda. "Mbona kilo zake ni nzuri, mama? Atakaa tu, njiti huchelewa."

Kilo zake zilikuwa nzuri kweli. Na mtoto anaweza kupanda vizuri kwenye kadi huku misuli inakaza, jicho linapoteza nuru, sikio halisikii. Sina hasira na muuguzi yule. Alikuwa na foleni ya akina mama hadi nje ya mlango, na alichopewa kukifanya ni kupima uzito na kuchanja. Hasira yangu ni kwa mpangilio unaotumia nguvu zote, dawa na usiku wa manesi kumwokoa mtoto wa gramu 1,250, kisha unamkabidhi kwa mizani peke yake.

Tulikwenda fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kwa shauri la rafiki. Hapa Moshi tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo wamekuwa wakifundishwa katika hospitali ya KCMC kwa miongo kadhaa. Mtaalamu aliyetupokea hakuanza kwa kumnyoosha. Alimlaza chali mkekani, akamwacha, akamtazama muda mrefu bila kumgusa. Akaniomba na video za nyuma zilizomo kwenye simu. Alinieleza kwamba kati ya miezi mitatu na mitano, ukishaondoa wiki alizowahi, mtoto mwenye ubongo unaokwenda vizuri akilala macho na kutulia huwa na vimwendo vidogovidogo vya shingo, viganja na vifundo, vinavyopita mwilini kila upande bila kukoma. Vikikosekana kabisa, hatari ya mtindio wa ubongo ni kubwa. Kipimo hiki kinataka mkeka, mwanga na jicho lililofundishwa. Kwa njia hii pamoja na uchunguzi wa misuli, mtindio unaweza kutambuliwa kabla ya miezi sita, wakati ubongo bado unajipanga upya kwa kasi. Wengi wetu tunaletewa jibu hilo mtoto akiwa na miaka miwili, ameshindwa kutembea.

Binti yangu alikuwa navyo vile vimwendo. Alikuwa na mkazo wa misuli ambao njiti wengine hupata na ambao hulegea wenyewe, kwake ukalegea kufikia mwaka na nusu. Lakini mazoezi tulifanya: kumlaza kifudifudi na kanga iliyoviringishwa chini ya kifua, kumbeba kiunoni miguu ikiwa imetanuka, kumwita kutoka upande asiopenda kugeukia. Alitembea akiwa na miezi 17.

Kwenye benchi la kusubiria fiziotherapia nilikaa jirani na mama kutoka Rombo ambaye mwanawe alikutwa na mtindio. Alikuwa amefika mapema, mtoto hajafikisha miezi saba. Alifundishwa namna ya kumkalisha kwenye kiti chenye mito ya pembeni, namna ya kumlisha akiwa wima ili asipaliwe, namna ya kumzuia nyonga isichomoke. Nilimwona tena mtoto akiwa na miaka mitatu: hatembei, lakini anakaa, anakula, anasema "mama" na "hapana", na nyonga zake ziko mahali pake. Kwa mtoto yule, kuwahi huko ndiko kulikompa kukaa mezani na wenzake.

Takwimu za nchi tajiri zinasaidia kuona ukubwa wa jambo. Ufaransa waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 2011. Kati ya waliozaliwa wiki ya 27 hadi 31 na kuishi, kama 4 kwa kila 100 walikuwa na mtindio wa ubongo walipofikisha miaka miwili. Maana yake wengi wao hawana, na mama aliye wodini leo anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi. Ila hao ni watoto waliopata mashine zote na kliniki ya ufuatiliaji. Sisi tukizidisha idadi ya wanaoishi bila kuongeza macho ya kuwafuatilia, tutapata watoto wengi zaidi wenye matatizo yaliyogunduliwa kwa kuchelewa.

Macho ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mishipa ya retina ya njiti, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, haijamaliza kukua, na oksijeni ikizidi inaweza kuikuza ovyo hadi retina ibanduke. Miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya watoto Marekani na Ulaya walipofuka hivyo kabla sababu haijajulikana. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wa waliopoteza macho kwa ugonjwa huo. Oksijeni inaokoa, kwa hiyo isikataliwe. Inatakiwa ipimwe kwa kile kifaa kinachofungwa mguuni, na daktari wa macho amtazame mtoto akiwa na wiki nne hivi tangu kuzaliwa. Tiba ya miale au sindano ya jicho hufanya kazi, lakini muda wake ni wa wiki chache tu. Mama akipewa tarehe ya miezi mitatu, amechelewa. Masikio vilevile yapimwe, hasa kwa aliyepata manjano makali au kuchomwa jentamisini, dawa ya maambukizi, kwa muda mrefu. Na dawa ya madini ya chuma isisahaulike, kwa sababu njiti amezaliwa kabla ya kuweka akiba, na upungufu wa damu unaudhoofisha ubongo uleule tuliouhangaikia.

Sasa niseme kama mwalimu. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimekubaliana kwamba waliozaliwa kabla ya wiki ya 32, wakifika umri wa shule, kwa wastani wako pointi 10 au zaidi nyuma kwenye vipimo vya akili, na wanapata shida zaidi katika hesabu na katika kutulia na kazi moja. Ni wastani, ndani yake wamo wanaoongoza darasa. Lakini darasani kwangu nawajua watoto wanaoitwa wavivu au watundu, na nikimwita mzazi tukaongea taratibu, anakumbuka: "Huyu alizaliwa na kilo moja na nusu, mwalimu." Hakuwahi kuambiwa kwamba hilo lina uhusiano wowote na penseli inayomponyoka mkononi. Mtoto wa hivyo hukaa mbele kwangu, humpa hatua moja baada ya nyingine, simpi maelekezo matatu kwa mpigo.

Kuna la tarehe pia. Binti yangu angezaliwa Februari kama ilivyopangwa, angeanza shule mwaka mmoja nyuma ya wale wa Novemba. Kuzaliwa kabla ya wakati kulimwongezea mwaka wa masomo ambao mwili wake haukuwa nao. Tulimwacha elimu ya awali mwaka mmoja zaidi, ndugu wakashangaa. Leo yuko darasa la tatu, anasoma kwa ufasaha kuliko wengi, na kujumlisha kwa kubeba bado kunamtoa jasho.

Baadhi ya mambo yamebadilika. Mimi nilipata siku 84 za likizo ya uzazi, na sehemu kubwa iliishia wodini. Baada ya kampeni ndefu, iliyoongozwa kwa sauti kubwa na Doris Mollel, yeye mwenyewe aliyezaliwa njiti, ilitangazwa Mei Mosi 2024 pale Arusha kwamba mama wa njiti ataongezewa muda, na mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa ili wiki zilizobaki kufikia 40 zisimle likizo yake. Mama muuza ndizi wa Mbuyuni sheria hiyo haimfikii, na njiti wake ana mahitaji yaleyale.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa hospitali zetu za Kilimanjaro na Arusha ni kitu kimoja cha kupangika. Siku ya kuruhusiwa, mama apewe karatasi moja yenye wiki alizojifungua, uzito, tarehe ya macho, tarehe ya masikio, na tarehe ya fiziotherapia mtoto akifikisha miezi mitatu baada ya kuondoa wiki alizowahi. Na tarehe zinazoweza kukutana zikutanishwe. Mama wa Rombo au wa Same hawezi kulipa nauli mara nne ndani ya mwezi, atakuja mara moja, mara ya pili ataona mtoto anacheka na kilo zinapanda, basi atabaki shambani. Daktari wa macho, wa masikio na wa mazoezi wakikaa jengo moja asubuhi moja kwa mwezi, atakuja. Na asipotokea, mhudumu wa afya wa kijiji chake apigiwe simu siku hiyohiyo, amfuate nyumbani.